Mpunga wa miezi mitano, rejesho la kila Jumatatu

Duka letu la pembejeo liko Usagara, wilaya ya Misungwi mkoani Mwanza, pale barabara ya Shinyanga inapoachana na ile ya Kigongo na Sengerema. Kwa hiyo nina wateja wa aina mbili. Wa bara ni watu wa majaruba (mashamba ya mpunga yenye kingo za kuzuia maji), dengu, mahindi kidogo, na pamba kwa wale ambao hawajaichoka. Wa ziwani, kando ya Ziwa Victoria, ni watu wa nyanya, hoho, matikiti na kabichi, wanaomwagilia kwa pampu. Wote nawauzia mbegu, mbolea na dawa, na wote, kama ilivyo kwa duka lolote la huku, nawakopesha. Madeni yanakaa kwenye kaunta buku kubwa ambayo mume wangu anaiita Biblia, kwa sababu ndiyo ninayoisoma kila jioni kabla ya kulala.

Ukiifungua kurasa za miaka ya mwanzo, mteja wa mahindi anaonekana mara moja kwa vuli: Oktoba, pakiti kadhaa za mbegu, basi. Siku hizi jina lilelile linatokea Oktoba, linarudi mwishoni mwa Novemba, na mwingine utamkuta tena Januari. Mvua ya kwanza inanyesha vizuri, watu wanashangilia, wanapanda. Halafu jua. Mbegu imeshachipua, inanyauka, shamba linarudiwa. Kwenye semina wanatuambia mabadiliko ya tabianchi ni ukame na mafuriko. Mimi kwenye kaunta yangu nayaona kwa sura ya mtu anayenunua mbegu mara mbili kwa hela aliyoiandaa ya mara moja.

Nimeandika haya kwa sababu mwezi uliopita kulikuwa na kikao cha wadau wa kilimo kuhusu mabadiliko hayo, nikaalikwa kama muuza pembejeo, na kila aliyesimama alisema neno moja: mkulima akopesheke. Nami nakubali, akopesheke. Ila hakuna aliyeuliza rejesho la kwanza linaanza lini, na kwa uzoefu wangu hapo ndipo mambo yote yanapoamuliwa.

Maarifa watu wanayo. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru kipo humuhumu Misungwi, kilianza na pamba enzi za Mwingereza, na ndiko zilikotoka mbegu za mihogo zinazovumilia ugonjwa wa batobato, kama Mkombozi. Redio inatangaza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Bwana shamba anapita na pikipiki yake. Mkulima wa Misungwi anajua kwamba udongo wa luseni, ule wa kichanga, hautunzi maji na kwamba mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi, inatunza. Anajua mtama utavumilia pale mahindi yatakapokata tamaa. Na kuna mambo anayafanya bila kumkopa mtu: dengu anazipanda mwishoni mwa masika, mbuga ikiwa bado ina unyevu, zinakua bila kudai tone lingine la maana. Viazi akivuna vingi anakata michembe, yaani vipande vyembamba, anakausha juu ya mwamba, anaweka akiba ya njaa. Bibi zetu walifanya hivyo bila mradi wa mtu yeyote.

Lakini chukua jambo linaloonekana la bure kabisa, kubadilisha tarehe ya kupanda. Kuna utafiti uliofanyika Ethiopia, upande wa bonde la Nile (ile inayotoka milima ya Ethiopia, si hii yetu inayotoka ziwani), ukachapishwa mwaka 2009. Walihoji kaya zipatazo 1,000. Mojawapo ya waliyoyaona ni kwamba mkulima anayepata mkopo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuhifadhi udongo, kumwagilia, na kubadilisha tarehe za kupanda. Kijana wangu aliponisomea nilimwambia hilo la tarehe wala halinishangazi. Yeye akashangaa: tarehe inahitaji hela gani?

Inahitaji hela ya ng'ombe. Huku wengi wanakodi plau. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi wenye mashamba wote wanamtaka mwenye maksai siku hiyohiyo, na mwenye maksai naye ana watoto wa shule, anaanza na mwenye taslimu. Wa mkopo wanapangwa nyuma, na wa "nitakulipa tukivuna" wanapangwa nyuma ya hao. Zamani kupanda wiki mbili baada ya jirani hakukuwa na hasara kubwa, mvua ilikuwa inaendelea. Sasa mvua ya maana ni ya siku chache na foleni ya plau ni ndefu kuliko hizo siku. Anayelimiwa mwisho anapanda kwenye vumbi. Laki moja mkononi wiki ile ina thamani kuliko laki tatu za Februari, na hakuna fomu ya mkopo niliyoiona yenye nafasi ya kuandika hivyo.

Sasa tuje kwenye mikopo yenyewe. Anayopata mwanamke wa kijijini kwa urahisi ni ile ya vikundi vya wiki. Mnakaa kikao, mnadhaminiana, mnapokea, na wiki inayofuata mnaanza kurejesha. Imetengenezwa kwa ajili ya mama wa genge, mama wa dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, mtu ambaye jioni anahesabu mauzo. Mkulima akiitaka inabidi awe mama wa genge kwenye karatasi. Nina mteja wa miaka mingi, mama wa majaruba, amechukua kwa jina la genge la nyanya ambalo halijawahi kuwepo. Afisa mikopo alijua. Ninadhani hata aliyemtuma afisa alijua.

Huyo mama nitamsimulia kidogo, kwa ruhusa yake, ila jina abaki nalo mwenyewe. Hela aliitumia vizuri mno. Aliinua kingo za majaruba yake, akazishindilia kwa vibarua, ili maji ya mvua chache yakiingia yasitoke. Akanunua mbegu ya SARO 5 badala ya Supa aliyoizoea, kwa sababu inawahi kukomaa. Hiyo ndiyo kukabiliana na tabianchi yenyewe, kama kuna mtu anatafuta mfano wa kupiga picha. Kisha Januari ikawa kavu. Miche ikazeeka kitaluni, akapandikiza Februari imeshakwisha. Na Jumatatu zote hizo rejesho linadai. Akauza kuku. Akafua nguo za watu Misungwi mjini. Zikaisha. Wengine mnakijua kile kikao: haondoki mtu mpaka rejesho la kikundi litimie, na wenzako wanaokudhamini wanaanza kukutazama kama mwizi wao.

Aprili akauza sehemu kubwa ya mpunga ukiwa bado shambani. Mnunuzi alikuja na pikipiki, akatembea juu ya kingo zilezile alizoziinua kwa mkopo, akaukadiria kwa macho, akataja bei ya gunia. Gunia la lumbesa, lile la kujazwa kupita kipimo, bila shaka. Juni mpunga ulitoka mzuri, wakati majirani wa kingo fupi walivuna makapi. Jaruba lake lilishinda ukame, na ushindi ukabebwa na fuso la mtu mwingine.

Kwa hiyo ukiniuliza kama mkopo ulimsaidia kukabiliana na hali ya hewa, nitasema ndiyo. Ukiniuliza kama alifaidika, ni jibu lingine. Mkopo uleule wenye rejesho moja mwezi wa Agosti ungemwacha aweke magunia ndani, auze Desemba au Januari mchele ukiwa umepanda. Riba ingekuwa kubwa zaidi hata, na bado angetoka na faida.

Naongelea riba kwa sababu watu wa mjini wanadhani ndiyo tatizo lote. Tatizo lipo, hasa kwa hawa wa kausha damu, wakopeshaji wa mitaani wa riba kubwa. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 wakopeshaji wadogo wanatakiwa wawe na leseni, na Benki Kuu imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa daraja lao. Wasio na leseni wanakuja na chao. Nimeonyeshwa kikaratasi cha asilimia 20 kwa mwezi. Piga hesabu ya laki tano kwa miezi mitano ya mpunga: riba peke yake ni laki tano nyingine. Ng'ombe anachukuliwa, kadi ya benki inashikwa, simu inashikwa. Hao sina neno nao zaidi ya kwamba wanakuja siku ileile unayoombea wenye leseni waje.

Benki nazo. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitenga shilingi trilioni 1 kukopesha mabenki kwa riba ya asilimia 3, ili nayo yakopeshe, kilimo kikiwemo, kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Ipo pia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, ambayo ina mfuko wa kudhamini sehemu ya mikopo ya wakulima wadogo ili benki za biashara zipunguze woga. Ni mambo mazuri, na nawajua watu yaliyowafikia. Karibu wote wana kitu kimoja: zao lao lina mnunuzi anayeweza kukata deni kabla hela haijamfikia mkulima.

Pamba ndivyo ilivyo. Unapewa mbegu na dawa kwa mkopo, unauza kupitia AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, makato yanafanyika. Huku tumeyazoea tangu ushirika wa akina Paul Bomani miaka ya 1950. Baba yangu mzazi alisoma kwa hela ya pamba, na alishuhudia vyama vikivunjwa 1976 na kurudishwa kwa sheria ya 1982. Sina ugomvi na pamba, nayo inajitahidi kwenye jua. Lakini angalia matokeo yake. Mkopo nafuu unafuata zao lenye makato, haufuati zao linalofaa hali ya hewa. Mtama hauna makato. Mihogo haina makato, na juu ya hapo inakaa shambani karibu mwaka mzima. Nenda kaombe mkopo wa mihogo uone afisa anavyohesabu miezi kwa vidole. Ndiyo maana bwana shamba anahubiri mihogo na mtama, na kaunta buku yangu imejaa mahindi. Dengu na choroko zimeanza kuuzwa kwa mnada wa stakabadhi ghalani, na mimi hapo nina matumaini, kwa sababu mzigo ulioko ghalani na karatasi yake ni dhamana ambayo mkulima wa dengu hakuwahi kuwa nayo. Wenzangu wafanyabiashara wengi hawaupendi mfumo huo. Sababu zao nyingine ni za kweli, hasa ucheleweshaji wa malipo, na nyingine ni za mfukoni mwao.

Dhamana ya ardhi sitaisemea sana. Hati za kimila zipo, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, wengine wanazo zimekunjwa kwenye begi la nguo. Zina jina la mzee. Anayelima ni mama.

Upande wa ziwani tatizo lina umbo lingine. Wao maji wanayaona kwa macho. Mwenye pampu ya petroli ya inchi mbili na mipira anavuna nyanya mwezi wa Septemba, bara tukiwa tunapepea vumbi, na tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025 mzigo wa ng'ambo haulali tena ukisubiri kivuko. Nyanya inakomaa upesi na inachumwa mara nyingi, rejesho la mwezi linawezekana. Kwa hiyo hawa ndio wanaopendwa na wakopeshaji, na ni sawa.

Ila ziwa nalo si la kusimama mahali pamoja. Mwaka 2020 lilipanda kwa namna ambayo wazee waliilinganisha na mvua za mwanzoni mwa miaka ya sitini, na 2024 likapanda tena. Kuna kijana alichukua mkopo wa pampu, akalima karibu kabisa na maji kwa sababu hela ya mipira mirefu hakuwa nayo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ufukweni, na watu wengi wanaichukulia kama usumbufu wa maofisa. Lakini mita 60 zina bei: ni roli za ziada za mpira, ni petroli zaidi ya kusukuma maji juu. Mkopo wake ulitosha pampu, haukutosha umbali. Ziwa likaja kuchukua nyanya zikiwa na maua. Angepewa kidogo zaidi, angelima juu, asingepoteza kitu. Mkopo mdogo kupita kiasi unamweka mtu hasa pale ambapo hatari iko, na hilo sijasikia likisemwa kwenye vikao. Sasa hivi watu wanaulizia pampu za sola. Swali la kwanza ni bei, la pili ni "inalipwa kidogo kidogo?", na la tatu, ambalo ni la busara, ni nani ataitengeneza ikiharibika.

Utasema basi tubaki na vikoba vyetu wenyewe, vikundi vya kuweka na kukopeshana. Mimi ni mweka hazina wa kimoja, navipenda, na ndiyo maana nitavisema. Kikoba kinakusaidia ukiuguliwa, ukifiwa, mtoto akifaulu kwenda sekondari. Mambo hayo hayawapati wanachama wote siku moja. Mvua inawapata wote siku moja. Ikikatika Januari, wote wanakuja sandukuni wiki hiyohiyo, na wanaotakiwa kurejesha ndio haohao. Funguo tatu, watu watatu wa kufungua, ndani hamna kitu. Tungekuwa nusu wa bara na nusu wa ziwani ingekuwa afadhali, maana ukame wa huku ni bei nzuri ya nyanya kule. Tumelijadili hili. Kikwazo ni kwamba watu hawataki kumdhamini mtu wasiyemjua kwao, na siwalaumu.

Jambo tulilofanikiwa ni dogo. Kwa desturi vikoba vya huku vinagawana Desemba, hela inakwenda kwenye sikukuu, vitenge na ada ya Januari. Sisi tulisogeza kugawana kuwe mwanzoni mwa Oktoba. Kukawa na maneno, wengine wakasema tunawanyima watoto Krismasi. Msimu huo wa kwanza niliuza mbegu kwa taslimu kwa watu ambao sijawahi kuwaona na taslimu mwezi wa Oktoba, na wenye maksai wakaanza na mashamba yao. Mama wa majaruba ni mmoja wao. Tulipitisha pia kwamba mkopo wa kilimo unalipwa riba tu kila mwezi, na mtaji unarudi baada ya mavuno. Sanduku linabana kati ya Februari na Mei, hilo halikwepeki, kwa hiyo tumeweka kiwango: mikopo ya namna hiyo isizidi theluthi ya kilichomo.

Ile mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, haina riba, na ingefaa kuliko yote. Ilisimamishwa 2023, ikarejea 2024. Shida ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, makaratasi yanazunguka, na kikundi kimoja ninachokifahamu kiliandika andiko la bustani ya vuli kikapokea hela vuli imeshapita. Walinunua viti vya kukodisha kwenye harusi. Biashara inakwenda vizuri, tena.

Na mimi mwenyewe je? Mbegu ninayoikopesha naiuza kwa bei ya juu kidogo kuliko ya taslimu, siifichi, imeandikwa ukutani. Nasubiri mavuno kwa sababu sina njia nyingine. Siwezi kumfuata mtu Jumatatu nikamkuta anapalilia. Lakini muuzaji wa jumla wa Mwanza mjini anayenikopesha mimi ananipa siku 30. Kati ya siku zake 30 na mpunga wa mteja ninakaa mimi, peke yangu, na mvua ikigoma hakuna bima inayoniangalia. Ndiyo maana kuna msimu nasema hapana kwa mtu ninayemheshimu. Mzee mmoja aliniambia, "Mayu (mama), mwaka huu umekuwa benki." Nilimpa nusu ya alichotaka, akasema wabeja (asante), akaenda kupanda nusu shamba.

Kwa wenye vikundi vya wakulima mnaosoma hapa: kama mmeshasogeza tarehe ya kugawana, au mmeruhusu mtaji urudi baada ya mavuno, nitumieni kifungu mlivyokiandika kwenye katiba yenu. Ya kwetu bado inasema Desemba, tumebadilisha kwa muhtasari wa kikao tu, na mwenyekiti mpya ameanza kuuliza muhtasari uko wapi.